Tisini na Tisa Nukta Tisa

Mume wangu alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, akaigawa katikati kwa rula. Kushoto aliandika "Mimi", kulia akaandika "Mama". Kila jioni aliongeza namba mbili. Yake ilikuwa ya safari ya asubuhi, kutoka kwetu Olmotonyi kushuka mjini. Yangu ilikuwa ya safari ya jioni, kutoka mjini kupanda nyumbani. Upande wake ulisoma 99.9, 99.9, 87.3, 99.9. Upande wangu ulisoma 9.1, 8.6, 8.8, 7.9. Hizo zilikuwa kilomita ambazo gari lilikwenda kwa kila lita ya petroli, kama lenyewe lilivyoziandika kwenye skrini yake. Karatasi ile ilikaa pale miezi mitatu, na kila mgeni aliyefungua friji kutafuta maji aliisoma.

Watu wananiambia mambo ya gari yamekwisha, niache. Mimi naona hayajakwisha, na nitayasema kama yalivyokuwa.

Gari lenyewe tulilichangia wote wawili. Lilikuwa limetumika Japani, ni haibridi ile ya kuchomeka: lina injini ya petroli kama magari mengine, na lina betri kubwa ambayo unaichaji kwenye soketi ya ukutani kama unavyochaji simu. Betri ikiwa na chaji, gari linakwenda kimyakimya bila kugusa petroli. Betri ikiisha, injini inaamka na kufanya kazi karibu yote. Mwenye yadi aliyetuuzia alituambia lita moja inakwenda kilomita sitini. Alisema hivyo akipangusa boneti kwa kiganja, na sisi tuliamini, kwa sababu tulitaka kuamini.

Tukapanga matumizi. Asubuhi mume wangu anaendesha, tunawashusha mabinti zetu wawili shuleni Sakina, kisha ananifikisha Kimandolu kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi ya maabara. Yeye anaendelea hadi Nduruma, ambako huwauzia wakulima wa mboga pampu za maji na kuwafungia. Saa kumi kasoro anarudi Kimandolu, ananiachia gari langoni, anabaki mjini kwa shughuli zake: mara kikao cha kwaya, mara mteja. Mimi nachukua watoto, napitia Ngaramtoni kununua mahitaji, wakati mwingine na gunia la pumba za ng'ombe wa mama mkwe, kisha napanda mlima.

Nikifika, mimi ndiye ninayevuta waya kutoka barazani na kulichomeka gari lichaji mpaka asubuhi.

Ukizima gari lile, skrini inakuonyesha wastani wa safari uliyomaliza, kisha inajizima. Maandishi yote ni ya Kijapani, lakini namba ni namba. Mume wangu alikuwa akizima gari mbele ya lango la kituo chetu asubuhi, anapiga picha ile 99.9 yake, ananionyesha kabla sijafungua mlango. Safari ya Nduruma hakuipiga picha. Sikujiuliza kwa nini. Jioni alipofika nyumbani aliniuliza namba yangu, nikamtajia, naye akaiandika kwenye karatasi bila kusema neno. Ule ukimya wake uliniuma kuliko kama angenisema.

Baada ya wiki chache alianza kunifundisha. Alisema ninakanyaga mafuta kama ninaua mende. Alisema wanawake wengi tunaendesha kwa wasiwasi, na gari linausikia wasiwasi. Nami, badala ya kumcheka, nilijaribu kujirekebisha. Nilivua viatu nikaendesha peku ili mguu uwe mwepesi. Nilizima kiyoyozi, watoto wakatoka jasho na sare zao. Kwenye barabara ya Nairobi nilikwenda polepole hadi malori yalinipigia honi nyuma yangu. Namba ikasoma 9.3, nikafurahi kama mtoto aliyepewa alama. Kesho yake ikarudi 8.5.

Jumapili moja baada ya ibada ndugu zake walikuja kula kwetu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alifungua friji akasimama palepale akisoma. Aliuliza karatasi ni ya nini, na mume wangu akaeleza mbele ya watu wote, kwa sauti ya mwalimu, gari lilelile, barabara ileile, madereva wawili. Shemeji akasema, "Basi shemeji ana mguu wa chuma." Wakacheka. Mama mkwe hakucheka, lakini hakusema kitu pia. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya wali kwa vitambaa viwili, na nikaendelea kupakua. Hilo nalo linanichoma mpaka leo, kwamba niliendelea kupakua.

Jumatatu yake mume wangu alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba ingefaa nipumzike kuendesha kwa muda. Petroli imepanda. Yeye atakuwa analirudisha gari mwenyewe jioni, saa kumi na mbili akitoka mjini. Watoto wanatoka shule saa kumi, hawawezi kumngoja, hivyo mimi nitawachukua tupande magari ya abiria hadi Ngaramtoni, na pale juu tutapanda kwa miguu. Alisema ni kwa muda tu, mpaka turudi kwenye matumizi ya kawaida. Alichukua ufunguo wangu kutoka kwenye msumari wa jikoni akautia mfukoni.

Tulitembea majuma mawili. Kutoka barabara kuu hadi kwetu ni mlima, na wakati ule wa masika udongo ulikuwa unateleza. Binti mdogo alibebwa nusu ya njia karibu kila siku. Binti mkubwa, mwenye miaka tisa, alibeba begi lake na la mdogo wake. Siku moja, tukiwa tumesimama pembeni kupumua, aliniuliza bila ubaya wowote, kama anavyouliza maana ya neno jipya, "Mama, kumbe wewe hujui kuendesha?"

Nilimjibu kwamba najua. Akasema, "Lakini baba ameandika."

Sikulala vizuri baada ya maneno hayo, na sikulala vizuri kesho yake. Nilikuwa nimevumilia ya kwangu. Lakini sasa mwanangu wa kike alikuwa amejifunza jambo kuhusu mama yake, na kuhusu wanawake, kutoka kwenye mlango wa friji. Jumamosi mume wangu alikwenda kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake, akapewa lifti, gari likabaki kando ya baraza linachaji. Nilichukua ufunguo wa akiba kutoka kwenye droo, nikaingia ndani ya gari na simu yangu, nikafunga mlango.

Simu ina programu ya kutafsiri maandishi kwa kamera. Nilielekeza kamera kwenye skrini, ukurasa baada ya ukurasa. Tafsiri zilikuwa za ovyo, nyingine za kuchekesha, lakini zilitosha. Ukurasa mmoja ulisema namba ya wastani inahesabu mafuta yaliyoingia kwenye injini tu. Umeme hauhesabiwi. Mwingine ulisema namba ya juu kabisa ambayo kipimo kinaweza kuonyesha ni 99.9.

Niliweka simu mapajani. Mimi kazi yangu ni kusoma vipimo. Mashine ndogo ya sukari tunayotumia kituoni, damu ikiwa na sukari kupita uwezo wake, haitoi namba. Inaandika HI, basi. Maana yake mashine imefika mwisho wake, haijui zaidi. Hakuna mtu mwenye akili anayejumlisha HI na namba nyingine, au kuiweka kwenye jedwali na kuisifu. Ile 99.9 ya mume wangu ilikuwa kitu kilekile. Gari lilikuwa linasema: sijachoma mafuta, sina cha kugawanyia. Na kwa nini halikuchoma? Kwa sababu lilianza safari na betri iliyojaa, likateremka kutoka mlimani hadi mjini, na kila aliposhika breki kwenye mteremko lilirudisha chaji kidogo kwenye betri. Mtu yeyote angepata namba ile. Ungemweka mtu anayejifunza kuendesha, bado angeipata.

Jioni mimi nilipewa gari ambalo lilikuwa limeshakwenda Nduruma na kurudi. Betri tupu. Watoto wawili, mabegi, gunia la pumba, na mlima mzima mbele yangu. Injini ilibeba vyote hivyo peke yake. Namba 8.6 kwa mzigo ule na mlima ule ilikuwa namba nzuri. Nilikuwa naendesha vizuri miezi yote ile, na hakuna aliyejua, mimi wa kwanza.

Nilijikasirikia kwanza. Ukiniletea mtu aliyekunywa chai na maandazi asubuhi, na mwingine ambaye hajaonja kitu tangu jana, ukaniambia nilinganishe sukari zao niseme nani mgonjwa, nitakurudisha nje ukapange upya. Ndilo somo la kwanza tunalofundishwa. Na nyumbani kwangu nilikaa miezi mitatu nikilinganishwa hivyohivyo, nikavua viatu ili nifaulu.

Halafu nikakumbuka luku, mita yetu ya umeme. Nyumbani kwetu petroli ananunua yeye, umeme nanunua mimi. Tulikubaliana hivyo tulipooana na hatukubadilisha gari lilipokuja. Kwa miezi mitatu nilikuwa nalalamika kwamba yuniti zinaisha upesi, nikawakataza watoto kuacha taa ya choo, nikaacha kupiga pasi ila Jumapili. Umeme ule ulikuwa unaingia kwenye gari kila usiku kwa waya niliouchomeka mwenyewe, na asubuhi unateremka mlima kwa jina la mume wangu.

Nilidhani nimefika mwisho wa hasira, kumbe nilikuwa sijafika. Nikibonyeza kutafuta njia ya kutoka kwenye ule ukurasa, nikaangukia ukurasa mwingine, orodha ya safari zilizopita. Kila safari ina tarehe, saa na namba. Nilitafuta majuma mawili ambayo mimi na watoto tulikuwa tunatembea. Jioni saa kumi na mbili na dakika kadhaa: 9.0. Kesho yake: 8.4. Kesho yake: 8.7. Hizo zilikuwa safari za mume wangu akipanda peke yake, bila watoto, bila pumba. Zilikuwa namba zangu. Na kwenye karatasi ya friji, kwa majuma yote mawili, upande wa jioni alikuwa ameuacha mtupu.

Nilimngoja. Alirudi bado jua halijazama, amevaa shati la harusi. Nilimwambia akae, nikampa simu yenye picha ya ule ukurasa. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji kutazamwa.

"Uliziona hizi," nikasema.

"Niliziona." Akaweka simu mezani. "Nilidhani gari limeharibika. Nikalipeleka kwa fundi."

"Fundi akasema nini?"

Alitazama mikono yake. "Akasema gari ni zima. Akasema ni mlima, na betri inakuwa imeisha."

"Lini?"

"Jumatatu."

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa anajua, na Jumatatu hadi Ijumaa mimi nilipanda na mtoto mgongoni. Jumatano ilinyesha, tukaingia ndani tumelowa hadi kwenye daftari, na yeye alitukuta tunakausha vitu kwenye jiko la mkaa, akasema pole.

Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Namba mbaya ikiwa yangu, ni mguu wangu. Ikiwa yako, ni gari."

Alianza kueleza. Alisema alikuwa anatafuta wakati mzuri wa kuniambia. Alisema hakutaka nione kama alikuwa ananionea. Nilimwacha amalize, kisha nikaenda kwenye friji nikabandua ile karatasi, nikamwekea mbele yake, nikamwambia yeye ndiye atakayewaeleza watoto, kwa mdomo wake, na mimi nitakuwepo. Nikamwambia pia kwamba kuanzia siku ile umeme wa gari atanunua yeye.

Aliwaeleza kesho yake kabla ya kwenda kanisani. Hakufanya vizuri. Alizungukazunguka, akaingiza habari za betri na injini ambazo binti mdogo hakuzielewa, na mwishoni akamwambia mkubwa, "Nilikosea kuandika vile. Mama anajua kuendesha." Binti akaitikia kwa kichwa, akauliza kama Jumatatu watarudi na gari. Mimi hakuniomba msamaha siku ile. Aliniomba baadaye sana, kwa ujumbe wa simu, akiwa Nduruma.

Ufunguo wangu ulirudi. Jumatatu nilipanda mlima nimevaa viatu vyangu, kiyoyozi kikiwaka, injini ikinguruma kama inavyotakiwa kunguruma, na sikuitazama skrini. Kwa mwezi mmoja nilipima kwa njia ninayoijua. Nilijaza tangi kwenye sheli ileile hadi pampu ikajikata yenyewe, nikaandika kilomita, tukatumia gari sote wawili kama kawaida, kisha nikajaza tena na kugawanya. Na yuniti za luku nilizisoma kabla na baada ya kuchaji. Ukiweka petroli na umeme pamoja, gari letu ni gari la kawaida linalokula kwa adabu. Si sitini ya mwenye yadi, wala si nane yangu, na tisini na tisa haikuwahi kuwepo.

Ningeweza kuishia hapo kama si Pasaka. Tulikusanyika kwa mama mkwe, ukoo mzima. Shemeji yuleyule alikuwa anafikiria kununua gari kama letu. Mume wangu akakunja miguu, akaanza kumweleza. Alisema usidanganywe na namba ya skrini, lazima ujue betri ilikuwa na chaji kiasi gani mwanzo wa safari. Alisema ukishuka usilinganishe na ukipanda. Alisema njia ya kweli ni kujaza tangi hadi pampu ijikate, ugawanye mwenyewe, na uhesabu na umeme. Yalikuwa maneno yangu, kwa mpangilio wangu. Wanaume wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa napita na birika la chai.

Safari hii niliweka birika chini. Nikasema, "Hayo nilipima mimi. Akueleze na ile karatasi."

Shemeji alinitazama, akamtazama kaka yake, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama gari lile linafaa kwa mtu anayekaa mlimani. Nilimjibu yote aliyouliza. Mume wangu akainuka kwenda kutazama ng'ombe. Mama mkwe alichukua lile birika mwenyewe akaendelea kumimina.

Ni hivyo. Tunaishi. Si mtu mbaya kwa mambo mengi, na kuna siku tunacheka. Lakini kuna jambo sijamwambia yeye wala mtu mwingine, na ndilo linalonirudisha kwenye hasira kila nikidhani nimepoa.

Katika ile miezi mitatu, jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayeuza ndizi na maparachichi Ngaramtoni, nilikuwa namkuta mara nyingi jioni anapanda na kapu lake. Siku zote nilizoishi pale, hata tukiwa na gari bovu la zamani, nilisimama. Nilipokuwa natafuta namba nzuri, nikaanza kuwaza uzito. Mtu na kapu lake, halafu kusimama na kuondoka tena kwenye mlima, kunaharibu wastani. Nikampita. Siku ya kwanza nilijifanya sikumwona. Siku ya pili aliinua mkono, na nikampita akiwa ameuinua. Baada ya hapo hakuuinua tena.

Siku hizi nasimama kila nikimwona. Nashusha kioo, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anauliza habari za watoto, tunazungumza vizuri. Namwambia apande.

"Nenda tu, mwanangu," huniambia. "Nimeshazoea kutembea."

Nami naondoka, na kwenye kioo cha pembeni namwona akihamisha kapu kutoka bega moja kwenda jingine.